Amana ya Pango Haiombwi, Inadaiwa

Ndugu wapangaji, pamoja na wenye nyumba wawili watatu ninaowaona mmekaa karibu na mlango, asanteni kwa kuja.

Nianze kwa kukiri. Kabla sijaanza kuwasaidia wapangaji kuandika madai yao, nilikuwa upande wa pili. Niliajiriwa na wakala mmoja wa nyumba, na sehemu ya kazi yangu ilikuwa kupokea simu za watu waliohama, wakiulizia dipoziti zao. Kwa hiyo anayezungumza nanyi leo ni mtu aliyewazungusha wapangaji wengi, na anajua kwa nini walizungushwa.

Sauti za simu zile ninazikumbuka. "Habari za kazi, bosi. Samahani kwa usumbufu. Nilikuwa naomba, kama itawezekana, unisaidie ile dipoziti yangu." Unisaidie! Pesa ni zake, ziko mkononi mwako, naye anakuomba msaada. Nami nilimjibu kama anavyojibiwa mwombaji: vuta subira, mwenye nyumba amesafiri. Wiki ya pili, fundi hajaleta gharama zake. Wiki ya nne simu inaita tu. Kufikia hapo wengi walikuwa wamechoka, na kuchoka kwao ndiko tulikokuwa tunakutegemea. Hakukuwa na hila kubwa zaidi ya hiyo.

Wachache tuliwalipa mapema. Msidhani walikuwa wakali. Wakali tuliwapenda, maana mtu akishatukana una kisingizio cha kukata simu. Namkumbuka mama mmoja mpole kabisa. Alileta barua ya ukurasa mmoja: niliingia tarehe hii, nililipa amana kiasi hiki na nakala ya risiti hii hapa, nilikabidhi funguo tarehe hii na aliyezipokea ametia saini, nadai nirudishiwe zote kufikia tarehe hii, na kama kuna makato nipewe orodha yake pamoja na risiti za fundi. Bosi wangu aliisoma mara moja akasema, "Huyu mlipeni." Hakuuliza hata kama ukuta wake una mkwaruzo.

Tofauti ya mama yule na wale wengine ni kitenzi kimoja. Wao waliomba, yeye alidai. Kudai si kugomba. Kudai ni kutaja kilicho chako, kiasi chake, nani anacho na kirudi lini.

Lugha yetu ilishatusaidia hapa, ila hatuisikilizi. Amana ni nini? Ni mali ya mtu iliyowekwa kwa mwingine ili aitunze. Anayeitunza haimiliki. Kodi ukishailipa imekwenda, umeilalia na kuamkia. Amana inabaki yako mpaka aliyeishika aonyeshe sababu ya kuigusa. Lakini tunapohamia mahali tunaitaja kwa pumzi moja na kodi, "nimelipa miezi mitatu", kumbe miwili ni kodi na mmoja ni amana. Tukilipa bila kuitaja jina, tunakuja kuitafuta bila jina. Risiti yako iandikwe wazi: kiasi hiki ni kodi, kiasi hiki ni amana ya kurudishwa. Mistari miwili, siyo mmoja.

Zipo nchi ambazo sheria imelichukua neno hilo la amana kwa uzito wake. England na Wales, tangu Aprili 2007, mwenye nyumba haruhusiwi kukaa na dipoziti ya mpangaji kimyakimya. Lazima iwekwe chini ya mpango wa ulinzi uliokubaliwa na serikali, na siku hizi muda wake wa kufanya hivyo ni siku 30 tangu aipokee. Asipofanya, mahakama inaweza kumwamuru amlipe mpangaji faini ya kati ya mara moja na mara tatu ya dipoziti yenyewe. Ujerumani, kifungu cha 551 cha sheria yao ya kiraia kinasema amana isizidi kodi ya miezi mitatu, mpangaji anaweza kuilipa kwa mafungu matatu, na mwenye nyumba aiweke mbali na mali yake mwenyewe. Mbali na mali yake! Hayo maneno mawili matatu yanatibu ugonjwa ninaoujua vizuri sana, maana ninawaambia siri: mara nyingi amana haicheleweshwi kwa sababu ya mkwaruzo ukutani. Inacheleweshwa kwa sababu ilishatumika zamani, na mwenye nyumba anasubiri mpangaji mpya alete yake ndipo akulipe wewe. Ndiyo ile kukopa harusi, kulipa matanga.

Afrika Kusini ndiko ninakokupenda zaidi kwa jambo hili. Sheria yao ya nyumba za kupanga, namba 50 ya 1999, inataka amana ikae kwenye akaunti yenye riba, na riba hiyo ni ya mpangaji. Inataka mwenye nyumba na mpangaji waikague nyumba pamoja kabla ya kuingia, kisha tena ndani ya siku tatu za mwisho wa mkataba. Kama mpangaji hadaiwi kitu, alipwe ndani ya siku 7. Kama kuna matengenezo ya kukata, kilichobaki kirudi ndani ya siku 14 tangu nyumba irudi mikononi mwa mwenyewe. Halafu sikilizeni hii: mwenye nyumba asipoikagua mwishoni mbele ya mpangaji, sheria inahesabu kwamba amekubali nyumba iko salama, hana tena la kudai. Uvivu wake unamhukumu.

Ufaransa mambo yanaweza kugeuka. Kule, pasipokuwa na orodha ya hali ya nyumba iliyoandikwa siku ya kuingia, kwa kawaida mpangaji huhesabiwa kwamba alipokea nyumba ikiwa nzuri. Hapo uvivu unamhukumu mpangaji. Ila mwenye nyumba akichelewa kuirudisha amana bila sababu, deni linaongezeka kwa asilimia 10 ya kodi ya mwezi kwa kila mwezi unaoanza.

Siwatajii hizi ili mzikariri. Sheria ya pale unapoishi ndiyo itakayokuhukumu, na pengine haina siku 7 wala siku 14, pengine inakuachia mkataba wako tu. Ninawatajia kwa sababu ukizitazama zote, utaona zinarudia maswali yaleyale: hali ya nyumba ilikuwaje mwanzo, nani aliishuhudia, funguo zilirudi lini, na makato yana ushahidi gani. Ukiwa na majibu ya hayo manne kwenye karatasi, unaweza kusimama mahali popote.

Sasa tuingie kwenye ugomvi wenyewe, yaani uchakavu.

Nyumba inayokaliwa huchakaa, kama kiatu kinachovaliwa. Rangi iliyofifia upande wa dirisha kwa sababu ya jua, zulia lililolala kwenye njia ya kutoka mlangoni hadi kitandani, koki iliyoanza kudondosha kwa kuwa mpira wake umekwisha, bawaba inayolia: hivyo ni uchakavu wa kawaida, na kodi uliyokuwa ukilipa kila mwezi ndiyo iliyovilipia. Uharibifu ni kitu kingine. Alama ya pasi kwenye zulia, mlango uliotoboka kwa teke, sinki lililopasuka, chumba ulichokipaka rangi nyeusi bila kumwambia mtu, huo ni mzigo wako na uubebe. Nawaambia wapangaji wenzangu bila kuwapamba: ukivunja, sema umevunja. Barua inayokubali kioo kimoja na kukataa rangi ya nyumba nzima inaaminika kuliko inayokataa kila kitu.

Ugomvi unazaliwa katikati. Matundu ya misumari, kwa mfano. Mawili ya picha ukutani ni maisha. Arobaini ya rafu ulizozibandua ni kazi ya fundi. Kuvu nayo: kama maji yanapenya kutoka kwenye paa na uliripoti, si yako, kama hukufungua dirisha la bafu mwaka mzima, utajieleza. Neno la kushika hapo ni "uliripoti". Ujumbe mfupi uliotuma mwezi wa tatu ukisema dari linavuja ni mali kubwa mwezi wa kumi na moja. Wengi hutoa taarifa kwa mdomo, wakikutana na mlinzi getini. Mlinzi akihama, ushahidi umehama naye.

Na hata pale ulipoharibu kweli, usilipie kipya kwa cha zamani. Tuseme zulia lilitegemewa kudumu miaka 10, na ulipoliunguza lilikuwa tayari na miaka 8. Ulichomwondolea mwenye nyumba si zulia jipya. Ni ile miaka 2 iliyobaki, yaani sehemu mbili kati ya kumi za bei ya zulia. Akikukata bei nzima ya zulia jipya, anajinunulia zulia kwa mfuko wako. Kule Ufaransa pande mbili zinaweza hata kukubaliana tangu mwanzo jedwali la uchakavu linaloonyesha kila kitu hupungua thamani kwa kiasi gani kila mwaka. Pasipo jedwali, hesabu unaweza kuifanya wewe mwenyewe na kuiweka kwenye barua. Ni kugawa na kuzidisha tu.

Niwape siri nyingine ya kazini. Tulikuwa na karatasi ya makato iliyokwisha kuchapwa: usafi, rangi, kitasa. Tuliijaza kabla hatujaenda kuiona nyumba. Mnajua mtaitambuaje karatasi ya namna hiyo? Tarakimu zake ni za duara. Fundi wa kweli, akinunua misumari, lita za rangi na kulipia usafiri, risiti zake hazitoki duara hata siku moja; zina vichenji mwishoni. Ukiona makato matatu yote yanaishia kwa sifuri nyingi, uliza maswali mepesi: kazi hiyo ilifanyika tarehe ngapi, na nani, na risiti iko wapi? Nilipoulizwa hivyo, mara nyingi nilipunguza makato palepale kwenye simu. Sioni fahari kulisema.

Kuhusu picha, nyote mna simu, nyote mnapiga. Tatizo ni picha zinazobaki simuni mwako. Picha iliyo kwako peke yake ni shahidi wako. Picha uliyomtumia mwenye nyumba siku ya pili ya kuingia, naye asipinge, ni shahidi wa wote wawili, na tarehe yake haiwezi kubishaniwa. Kwa hiyo piga chumba kizima kwanza ukiwa umesimama mlangoni, kisha sogea kwenye kasoro. Ufa ulio karibu sana hauonyeshi uko ukuta upi. Fungua koki zote ukirekodi video, washa kila taa, piga namba za mita. Halafu tuma, na maneno machache ya upole: "Nimeshaingia, asante. Hizi ni picha za hali ya nyumba leo, nitunzie." Siku ya kuhama rudia safari ileile, mlango kwa mlango. Nasikia watu wakisema huko ni kumshuku mwenzako. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hawakuwa wanamshuku mtu. Jimbo la California, Marekani, limeona mpangaji asiachiwe kazi hiyo peke yake: kuanzia Aprili 2025 mwenye nyumba naye analazimika kupiga picha baada ya mpangaji kuondoka, na ana siku 21 za kurudisha amana au kutoa orodha ya makato.

Funguo. Hapa watu wanaumia sana kwa jambo dogo. Umehamisha vitu tarehe 28, ukamwachia jirani funguo kwa kuwa gari la mizigo lilikuwa linakusubiri. Mwenye nyumba anasema alizipata tarehe 6, anakudai kodi ya mwezi mpya, anaikata kwenye amana. Utamjibu nini? Kabidhi funguo kwa mtu mwenye mamlaka ya kuzipokea, andikeni idadi yake na tarehe, atie saini. Akikataa kutia saini, mtumie ujumbe hapohapo: "Nimekukabidhi funguo tatu leo saa nane mchana." Kunyamaza kwake baada ya hapo kunakusaidia.

Kuna swali ninaloulizwa kila mahali, na najua litakuja: je, nisilipe mwezi wa mwisho ili nile dipoziti yangu? Ninaelewa kishawishi chake. Umesikia habari za waliodhulumiwa, unaona afadhali uile wewe. Lakini mkataba kwa kawaida unasema kodi ni kodi, na siku unapoacha kulipa unajigeuza kutoka mdai kuwa mdaiwa. Mkono uliokuwa juu unashuka chini. Tena kama kweli kuna uharibifu, atakufuata kwa kodi na kwa uharibifu. Mkikubaliana kwa maandishi kwamba amana ndiyo kodi ya mwisho, hilo ni sawa kabisa. Kwa kimya chako peke yako, hapana.

Wanaokaa wawili watatu nyumba moja, andikeni nani ametoa kiasi gani cha amana. Mmoja akihama katikati, mwenye nyumba kwa kawaida hamlipi. Anayebaki au anayeingia ndiye anayemrudishia. Nimeona urafiki wa miaka mingi ukifia hapo, na mwenye nyumba hakuhusika hata kidogo.

Na nyumba ikiuzwa ukiwa ndani, uliza kwa barua siku ileile: amana yangu sasa anayo nani? Ujerumani sheria inamfunga mnunuzi moja kwa moja kuhusu amana hiyo. Kwingine itabidi uwaandikie wote wawili, wa zamani na mpya, kabla hawajaanza kurushiana.

Sasa niwape ile barua ya yule mama. Siyo yake neno kwa neno, ila umbo ni lake:

"Ndugu mwenye nyumba, nilipanga nyumba yako kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani. Nililipa amana ya kiasi fulani tarehe fulani. Nakala ya risiti imeambatishwa. Nilikabidhi funguo tarehe fulani kwa fulani. Nakala ya makabidhiano imeambatishwa. Kodi na gharama za maji na umeme nimelipa hadi siku hiyo. Nadai amana yangu yote irudishwe kufikia tarehe fulani kupitia akaunti hii. Endapo unakusudia kukata kiasi chochote, nipatie kabla ya tarehe hiyo orodha ya makato, sababu ya kila moja, na risiti zake. Nisipopata malipo wala maelezo, nitapeleka dai langu kwenye chombo husika bila kukuandikia tena."

Basi. Hakuna matusi, hakuna hadithi ya watoto kurudi shule, hakuna "naomba unisaidie". Weka tarehe ya mwisho inayofuata sheria ya kwenu au mkataba wako. Itume kwa njia inayoacha alama, na ubaki na nakala. Sentensi ya mwisho usiiandike kama huna nia ya kuitimiza, maana wakala mzoefu anaisoma hiyo kwanza. Nilikuwa naisoma hiyo kwanza.

Pengine watakuita ofisini na kukupa nusu, pamoja na karatasi ya kutia saini. Isome. Kama imeandikwa "nimepokea malipo ya mwisho na sina dai lolote tena", umeuza nusu nyingine kwa wino. Pokea nusu yako, andika kwa mkono "nimepokea sehemu ya amana, nabaki nadai salio", ndipo utie saini. Wakikataa maandishi hayo, rudi nyumbani ukafikirie. Kwa mtu mwenye njaa, najua, ni rahisi mimi kusema.

Ikifika kwenye baraza la nyumba au mahakama ya madai madogo, kama vyombo hivyo vipo kwenu, usiogope. Mara nyingi huhitaji wakili. Panga karatasi zako kwa tarehe, toa nakala tatu, moja ya hakimu, moja ya mwenzako, moja yako. Nimekaa kwenye viti vile kama shahidi wa mwenye nyumba. Hakimu alimsikiliza mpangaji akilia dakika kumi, kisha akauliza, "Risiti ya amana unayo?" Hakuwa nayo. Siku nyingine kijana mmoja hakusema zaidi ya sentensi nne. Kila sentensi aliifuatisha na karatasi. Tulilipa yote, na gharama za kesi juu. Ila msikae mkasubiri miaka. Madai yana muda wake kisheria, na muda ukipita hata karatasi nzuri haikusaidii.

Mimi nimesema ya kutosha. Waliokuja na mikataba, itoeni sasa. Tafuteni kifungu chenye neno amana, au dhamana, au dipoziti, mtazame kama kinataja siku za kurudishwa na nani anafanya ukaguzi. Tuanze na wewe dada uliyenyoosha mkono tangu nilipotaja funguo. Chako kinasemaje?